Jozani au Ngezi: mzunguko upi wa msituni ukufae

Anayetaka kutembea msituni Zanzibar bila kupanda mlima wala kubeba hema ana pahala pawili pa kufikiria kwanza. Pa kwanza ni Jozani, upande wa kusini wa Unguja. Pa pili ni Ngezi, pembe ya kaskazini-magharibi ya Pemba. Zote ni hifadhi za msitu wa pwani, zote zina njia fupi ya mzunguko inayokurudisha ulikoanzia, na mtu wa kawaida mwenye viatu vya kufunga anazimaliza kabla jua halijamchosha.

Watu wengi wakitaka kuchagua huuliza kwanza kuna wanyama gani. Nadhani swali hilo lingoje. La kwanza ni maji: mvua imenyesha kiasi gani wiki hizi, na siku unayokwenda bahari inajaa saa ngapi na kupwa saa ngapi. Jozani na Ngezi zinatofautiana zaidi kwa maji kuliko kwa kitu kingine chochote, na aliyeondoka amekasirika katika mojawapo, mara nyingi alikwenda siku isiyo yake.

Kufika

Jozani iko kilomita 35 hivi kutoka mjini, kando ya barabara kuu ya kwenda kusini. Gari za Makunduchi, Jambiani na Paje zinapita mlangoni hasa. Mwambie konda "Jozani" na utashushwa palepale. Ukitoka mjini asubuhi, saa sita umeshamaliza na unaweza kurudi au kuendelea mbele kwenda pwani. Kwa mgeni aliyefikia hoteli za Paje au Bwejuu ni karibu zaidi.

Ngezi ni safari ya kujipanga. Kwanza ufike Pemba: kwa boti hadi bandari ya Mkoani, au kwa ndege ndogo hadi Chake Chake, nusu saa tu hewani kutoka Unguja. Halafu ukipande kisiwa kwenda kaskazini. Pemba si tambarare kama Unguja. Ni vilima, mabonde na kona, na gari haiendi kwa kasi. Konde ndiyo mji wa mwisho wenye soko na gari za uhakika. Kutoka Konde hadi lango la msitu ni kilomita chache, lakini gari za kupita huko kwenda Makangale ni za kungojea, na wengi huchukua bodaboda au hukodi gari tangu Chake au Wete. Wakati wa mavuno ya karafuu njia hiyo ina raha yake: mikeka imetandazwa kando ya barabara, karafuu zinaanikwa, na harufu inaingia garini kabla hujaiona mikeka yenyewe.

Kwa hiyo usilinganishe viingilio. Kiingilio hakitakuumiza upande wowote, hasa kwa mkaazi mwenye kitambulisho, ambaye hulipa kidogo kuliko mgeni. Gharama ya Ngezi ni nauli, kitanda cha usiku mmoja au miwili, na siku zenyewe. Mtu aliye Unguja kwa siku tatu anayeniuliza kama aende Ngezi kutembea saa moja, nitamwambia aende Jozani. Ngezi inamfaa aliyekwisha kuamua kwenda Pemba kwa sababu nyingine, au ambaye msitu wenyewe ndiyo sababu.

Mguu unakanyaga nini

Jozani ina vipande vitatu, na wasiojua hilo hudhani wameona vyote baada ya kuona kimoja.

Kipande cha kwanza ni njia ya msituni, nyuma ya mapokezi. Ni mzunguko wa chini ya saa moja, tambarare kabisa, wenye mizizi ya kuangaliwa lakini hakuna mahali pa kupanda. Miti mikubwa unayoiona mwanzoni ni mitondoo, mingi ikiwa ya kupandwa enzi za ukoloni, kisha unaingia kwenye mikindu na michikichi iliyosongamana. Msitu huu umekaa kwenye bonde dogo ambapo maji ya ardhini yako karibu sana na juu. Ndiyo maana umestawi hivyo katikati ya kusini ya Unguja, ambako kwingine ni maweni matupu yenye udongo wa kiganja kimoja. Na ndiyo maana wakati wa masika maji husimama njiani. Mvua zikikaza, mwongozaji atakuambia mapema kwamba leo hamfiki mbali, na atakuwa anasema kweli.

Kipande cha pili ni ng'ambo ya barabara, kwenye vichaka na pembezoni mwa mashamba, ambako kima punju, kima wa mgongo mwekundu, hupenda kukaa. Hapa hakuna msitu mkubwa. Ni kutembea taratibu na kusimama.

Cha tatu ni mikoko ya Pete, mwendo mfupi kutoka lango kuu, kwa gari au kwa miguu. Njia ya mbao inaanzia chini ya mkwaju, inaingia mikokoni, inazunguka na kukutoa ulikoingilia. Nusu saa inatosha, saa moja ndiyo haki yake. Tiketi ya Jozani inaihusu, lakini kila siku kuna watu wanaorudi mjini bila kufika huko kwa sababu dereva wao alikuwa na haraka. Ukikodi teksi, patana kuhusu Pete kabla hujapanda.

Ngezi haikatwi vipande hivyo. Unaingia msitu mmoja, na msitu huo ni mrefu. Katikati ya hifadhi udongo ni wa kina na una rutuba, si mawe, kwa hiyo kuna mivule na miti mingine inayopita mita 30, na chini yake kuna kivuli ambacho Unguja hakipatikani tena. Hifadhi nzima ni kama kilomita za mraba 14 tu, mabaki ya msitu uliofunika sehemu kubwa ya Pemba kabla ya mikarafuu. Jozani na ghuba ya Chwaka, ambazo pamoja ni hifadhi ya taifa tangu 2004, zinafika kilomita za mraba 50, lakini sehemu kubwa ya hizo ni vichaka na mikoko. Ukitaka kusimama chini ya mti na kuinua shingo mpaka kofia ianguke, Ngezi inashinda bila ubishi.

Mzunguko mkuu wa Ngezi ni wa kilomita mbili hivi. Umbali si tatizo. Tatizo ni kwamba njia ni ya udongo, kuna vijito vya kuvuka na sehemu zenye kinamasi, na baada ya mvua udongo ule unashika kiatu. Viatu vya kamba vya plastiki utaviacha humo. Ndani ya msitu kuna mabaki ya mashine za kiwanda cha kupasulia mbao, chuma kimekula kutu na mizizi imekizunguka; mwongozaji akikupitisha bila kukuonyesha, muulize. Ni ukumbusho kwamba msitu unaoonekana wa asili kabisa uliwahi kukatwa na ukajirudisha wenyewe.

Utakachokiona, na utakachokikosa

Kwa wanyama wa kuonekana kwa hakika, Jozani haina mshindani. Kima punju ni wa Unguja. Hapatikani kwa asili nje ya kisiwa hiki na visiwa vidogo vilivyokishikilia. Hesabu kubwa ya miaka ya karibuni iliwapata wanakaribia 6,000 wote pamoja, na makundi ya Jozani yamewazoea watu kiasi kwamba utawaona mita chache kutoka ulipo, mgongo mwekundu, nywele nyeupe zimesimama kichwani, midomo ya waridi. Wanakula majani, maua na matunda mabichi. Tumbo lao limeumbwa kwa ajili ya majani, na tunda lililoiva kwa sukari halilifai, kwa hiyo anayewatupia ndizi hamfanyii hisani mtu. Wale wa pembezoni mwa mashamba, wanaokula sana majani ya mikungu na miembe, wana tabia iliyowashangaza watafiti: wanatafuta mkaa na kuutafuna. Mkaa hunasa sumu zilizomo kwenye majani hayo. Ukimwona kima ameshika kipande cheusi kama mtoto na peremende, usidhani ameokota taka.

Kuzoeana huko kuna ubaya wake. Kima hawa wanavuka barabara kila siku, na wengi waligongwa mpaka matuta yakawekwa. Dereva wako asiyapitie matuta ya Jozani kwa hasira. Na ukiwa na mafua, kaa mbali nao. Magonjwa ya kifua ya binadamu yanawapata nyani na kima. Watu wanaosogea wapige nao picha ya pamoja ni kero ninayoiona kubwa kuliko matope.

Msituni penyewe kuna paa nunga, mnyama adimu kuliko kima punju, lakini nikikuambia utamwona nitakuwa nakudanganya. Ni wa alfajiri na ana hofu.

Ngezi hakukupi onyesho. Pemba ilitengana na bara zamani mno. Mkondo unaoitenga una kina cha mita mamia kadhaa, wakati Unguja iliunganika na bara katika enzi ya barafu, bahari ilipokuwa chini. Kwa hiyo Unguja ina wanyama wanaofanana na wa Pwani na Bagamoyo, na Pemba ina wachache lakini wa kwake. Kima punju wachache walihamishiwa Ngezi miaka ya 1970 na kizazi chao kipo, ila mtu asiende Pemba kwa ajili yao. Cha Pemba ni ndege na popo. Ndege wanne hawapatikani kokote duniani isipokuwa kisiwa hiki: bundi mdogo wa Pemba, ninga wa Pemba, chozi wa Pemba, na ndege mdogo wa kijani na manjano mwenye duara nyeupe kuzunguka jicho. Chozi utamwona hata nje ya hoteli. Bundi ni wa Ngezi na misitu mingine ya kisiwa, na ni wa usiku.

Popo wa Pemba ana mbawa zinazofika mita moja na nusu na zaidi zikinyooshwa, na uso wa mbweha. Aliwindwa kwa kitoweo mpaka akakaribia kutoweka. Vijiji vikaunda vikundi vya kumlinda, na sasa wako maelfu. Mchana unawaona wamening'inia juu ya miti, wakigombana na kujipepea. Ikiwa popo ndiyo shabaha yako hasa, na msitu si lazima, basi Kidike, kando ya barabara ya Chake kwenda Wete, ni rahisi kuliko Ngezi.

Bahari imejaa saa ngapi

Hili linahusu Jozani peke yake, na wanaopanga safari hulisahau. Mikoko ya Pete ina sura mbili. Maji yakikupwa unaona matope, kaa wenye gando moja kubwa, samaki wanaorukaruka topeni, mizizi ya mkoko imejitanua na vijiti vya mizizi ya mchu, mti mwingine wa mikokoni, vimechomoza kupumua. Maji yakijaa matope yanafunikwa, mawimbi madogo yanapita chini ya mbao na vifaranga vya samaki vinaingia kati ya mizizi.

Kwenye pwani yetu, siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hukupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi na kujaa kwenye saa kumi au kumi na moja jioni. Siku za maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, mambo yanageuka: maji hujaa kabla ya adhuhuri, lakini hayapandi sana, na sehemu za ndani za mikoko zinaweza zisifunikwe. Kila siku saa zinasogea mbele kwa karibu dakika hamsini. Ukijua tarehe ya mwezi unaweza kupiga hesabu hiyo kichwani bila simu, na mvuvi yeyote atakusahihisha.

Ushauri wangu: nenda siku ya bamvua, alasiri. Msitu utakuwa umepoa, vikundi vya asubuhi vimeshaondoka, kima wameamka kutoka usingizi wa mchana, na utafika Pete maji yanapanda. Anayetaka kaa na matope kwa ajili ya watoto aende bamvua hiyohiyo asubuhi. Mbao zikiwa mbichi zinateleza, kwa hiyo watoto washikwe mkono, hasa pale njia inapokuwa nyembamba.

Muulize mwongozaji tofauti ya miti ya mikokoni: mkoko, mkandaa, msinzi, mlilana na mkomafi. Waongozaji wengi wametoka vijiji vya jirani na wanaijua miti hii kwa kazi zake kabla hawajaijua kwa majina ya kitaalamu. Boriti za mikoko ndizo zilizopima nyumba za Mji Mkongwe: vyumba ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti haikuweza kuvuka upana mkubwa, basi ukuta ulijengwa kumfuata mti.

Ngezi nayo ina mikoko na fukwe kwenye kingo zake, lakini mzunguko wa miguu hauzitegemei. Bahari ya Ngezi ni zawadi ya baadaye: ukitoka msituni barabara inaendelea kuelekea Vumawimbi, ufuo mrefu mweupe ambao siku nyingi utaukuta na wavuvi wawili watatu na ng'ombe. Beba maji na chakula kutoka Konde. Na kwa kuwa unapita vijijini, vaa nguo ya heshima. Makangale si Nungwi ya watalii.

Usiku

Hapa Ngezi inajilipia nauli yote. Unaweza kupatana na mwongozaji muingie msituni baada ya magharibi, mkiwa na tochi na mikono mirefu kwa ajili ya mbu. Bundi mdogo wa Pemba ana mlio mfupi mmoja, anajibiwa na mwenzake upande wa pili, na waongozaji wanaojua huweza kumwita akasogea. Komba wanalia. Popo wanapita juu. Ni matembezi mafupi kuliko ya mchana na si magumu, mradi jua limewaka siku mbili tatu na udongo umekauka. Panga mapema, tangu mchana au siku moja kabla, maana usiku huwezi kufika langoni ukategemea kumkuta mtu. Panga pia gari ya kurudi. Bodaboda aliyekuahidi kungoja huenda asingoje.

Jozani ni ya mchana.

Mzee, mtoto, na asiyependa msongamano

Mama yako mwenye magoti mabovu atatembea Jozani bila wasiwasi siku ya ukavu: tambarare, mapumziko mengi, choo na kinywaji langoni, gari karibu. Ngezi nisingempeleka ila kipupwe, kati ya Juni na Septemba, na hata hapo kwa sehemu ya mwanzo tu. Watoto wa chini ya miaka saba watachoka na Ngezi kwa sababu nyingine: hakuna kinachokuja kuwaangalia. Wenye miaka kumi na kuendelea, hasa ukiwaingiza usiku, wataizungumzia Ngezi kuliko Jozani.

Msongamano ni udhaifu halisi wa Jozani. Kuanzia saa tatu mpaka saa sita mabasi madogo ya hoteli yanapishana, na unaweza kujikuta watu thelathini mnamzunguka kima mmoja anayetaka kulala. Fika lango linapofunguliwa au njoo alasiri. Ngezi unaweza kuwa peke yako na mwongozaji kutwa nzima, na sauti kubwa kuliko zote ikawa ya ndege hondohondo.

Mvua je? Masika, kuanzia Machi mwishoni hadi Mei, ni Jozani inayostahimili, kwa sababu hata njia ya msituni ikijaa maji bado unabaki na kima ng'ambo ya barabara na mbao za Pete. Ngezi ikilowa, imelowa yote. Vuli haina ukali huo. Mvua inanyesha, inakatika, na saa mbili baadaye unaweza kuingia.

Kwa aliye upande wa bara

Msomaji wa Mombasa au Malindi hana haja ya kuvuka bahari kwa matembezi ya namna hii. Arabuko-Sokoke, kilomita za mraba 420 hivi, ni kipande kikubwa kuliko vyote vilivyosalia vya msitu mkavu wa pwani Afrika Mashariki, na njia fupi za miguu zinaanzia kituo cha misitu cha Gede, kando ya barabara kuu ya Malindi. Ni mkavu kuliko Jozani na Ngezi, kwa hiyo mvua si kizuizi kikubwa. Mpangilio wake ni wa miti, mirihi kwenye mchanga mweupe na mifunda kwenye udongo mwekundu, na anayetembea taratibu asubuhi mapema huweza kumwona sange, mnyama mdogo wa pua ndefu, mwenye kiuno cha dhahabu akichakura majani makavu. Tembo wamo pia, kwa hiyo usijitome bila mwongozaji. Ng'ambo ya barabara kuu kuna magofu ya Gede, yaliyoingia orodha ya urithi wa dunia 2024, yenye vijia vyake vya kuzunguka chini ya mibuyu. Mbele kidogo ni mkono wa bahari wa Mida na njia yake ya mbao inayoning'inia juu ya mikoko. Mida nayo inataka hesabu ileile ya maji, ila kwa sababu tofauti: kati ya Oktoba na Aprili ndege wahamiaji hula matopeni maji yakiwa yamekupwa, na maji yanapopanda husukumwa kuja karibu na kibanda kilicho mwisho wa mbao. Uwe umekaa hapo saa mbili kabla bahari haijajaa, na darubini kama unayo.